Kabla hujanunua doki nyingine, soma yaliyonipata

Juzi usiku msomaji mmoja mwenye doki, kile kisanduku cha kuunganisha laptopu na monita, kibodi na vinginevyo kwa kebo moja, aliniandikia, na ujumbe wake ulikuwa unahema: "Kaka, jana nimepandisha mfumo endeshi kwenye laptopu yangu. Toka hapo monita zote mbili nyeusi tii. Doki imekufa. Nimeshaagiza nyingine ila inafika Ijumaa, na kesho nina kikao. Umenunua aina gani wewe?"

Nilimjibu kwa maneno matatu: "Futa oda kwanza." Kisha nikamuuliza swali moja tu. Kibodi na mausi ulivyochomeka kwenye hiyo doki, vinafanya kazi?

Akakaa kimya kidogo. "Vinafanya."

Basi nikajua nilikuwa naongea na mimi mwenyewe wa mwaka jana.

Nyinyi mnaosoma hapa nawajua. Ni watu wa kazi. Hamtaki kukunja shingo siku nzima mbele ya kioo cha inchi 14, mnataka mfike mezani, mchomeke kebo moja, na kila kitu kiamke chenyewe: monita, kibodi, intaneti ya waya, chaji. Ndiyo raha ya doki. Na ndiyo sababu siku inapogoma mtu anachanganyikiwa, maana vimegoma vyote kwa pamoja. Au ndivyo anavyodhani.

Ofisini kwetu mimi ndiye niliyekuwa naitwa kompyuta ya mtu ikileta ukaidi. Sijasomea kazi hiyo, lakini nimekaa na mashine hizi miaka mingi, na ile sifa ya "muite fulani, yeye anajua", nisiwafiche, nilikuwa naipenda.

Jioni moja laptopu ikaniletea taarifa kwamba toleo jipya la mfumo liko tayari. Nikabofya. Sikusoma chochote, sikuhifadhi nakala ya chochote. Kusubiri kwenyewe hakuna la kusimulia. Asubuhi nikafika mezani, nikachomeka kebo ya doki kama siku zote. Taa ya doki ikawaka. Laptopu ikaanza kuchaji. Monita zikaandika kwamba hazipati ishara, zikalala.

Nikafanya yale ambayo na wewe ungefanya. Nikachomoa, nikachomeka. Nikageuza kichwa cha kebo, ingawa najua fika USB-C haina juu wala chini. Nikabadilishana kebo za monita, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto, kana kwamba zitafurahi kuhama. Nikazima na kuwasha mara sijui ngapi. Wenzangu wakawa wanapita nyuma yangu, na kila aliyepita nilimwambia, bila kuulizwa, kwamba ni jambo dogo.

Kufika saa tano nilikuwa nimeshatoa hukumu: doki imeungua. Nikamwandikia muuzaji barua pepe ndefu yenye hasira na maneno ya kitaalamu, nikimweleza kwamba kifaa chake kimekufa kabisa, hakifanyi kitu chochote. Barua ile niliiandika kwa kibodi iliyochomekwa kwenye doki hiyohiyo. Ikasafiri kwa intaneti ya waya iliyopita kwenye doki hiyohiyo. Muuzaji akanijibu kwa adabu, akauliza kama nimejaribu kuweka upya draiva, ile programu inayouwezesha mfumo kuongea na kifaa. Nikaona ananidharau.

Hapo ndipo ningemuuliza mtu. Sikuuliza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi wangu nilikuwa nimeufunika kwa mashuka saba.

Nikanunua doki nyingine, ya bei zaidi. Boksi lake lilijisifu kwamba haihitaji draiva. Monita zangu zote mbili ni za 4K, yaani za ubora wa juu wa picha. Ya kwanza ikawaka, lakini nikisogeza mausi, kishale kinaruka kama panzi. Ya pili ilikubali kuwaka baada ya kuishusha ubora mpaka herufi zikawa kama za gazeti lililonyeshewa. Nikaizoea. Kwa wiki tatu nikawa nawaambia watu kwamba doki mpya ni moto wa kuotea mbali.

Ile ya zamani nikampa kijana wa meza ya jirani, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kazi. Nikamwambia imeungua, ila achukue tu, huenda adapta yake ya umeme ikamfaa. Nilijiona mkarimu.

Kesho yake nikapita mezani kwake. Monita mbili zinawaka, kishale kinateleza. Laptopu yake ilikuwa na toleo lilelile jipya.

"Umeitengeneza?"

"Hapana, kaka. Nilipakua tu draiva mpya kwenye tovuti ya watengenezaji. Kama dakika tano hivi. Kwani wewe ulifanyaje?"

Kwani wewe ulifanyaje. Kijana wa watu hakuwa na ubaya wowote, na hadi leo swali lile linaniwasha.

Usiku ule nilisoma mpaka macho yakawa mekundu. Kumbe nilikuwa naichukulia doki kama kebo nene yenye matundu mengi, wakati ndani yake mna vifaa kadhaa vinavyojitegemea: kifaa cha kugawa USB, kadi ya mtandao, kadi ya sauti, na njia ya picha. Kimoja kinaweza kukosa draiva na vingine vikaendelea kama kawaida. Ndiyo maana kibodi yangu ilikuwa hai. Kibodi na mausi hutumia draiva ya kawaida iliyomo ndani ya mfumo wowote. Picha ni habari nyingine kabisa.

Na picha hutoka kwa namna tatu. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ukikosea hapa utanunua kama mimi.

Kuna doki ambazo picha hutoka moja kwa moja kwenye kadi ya picha ya laptopu, ikapita kwenye USB-C kama ilivyo. Hazihitaji draiva ya picha. Ila kebo ya USB-C ina njia nne tu za kasi, na doki ikitaka kupitisha picha pamoja na data ya USB 3, mara nyingi njia mbili zinachukuliwa na data na mbili zinabaki kwa picha. Kwenye DisplayPort 1.2, moja ya matoleo ya kiwango cha kupitisha picha, njia mbili zinatosha monita moja ya 4K kwa picha 30 kwa sekunde, si 60. Ndiyo panzi wangu yule. Doki mpya haikuwa mbovu, ilikuwa inafanya kadiri ya uwezo wake huku mimi nikiisifia kwa watu.

Kuna za Thunderbolt, muunganisho wa kasi zaidi. Thunderbolt 3 na 4 zinapitisha gigabiti 40 kwa sekunde, kwa hiyo nafasi ipo. Tatizo lake baada ya kupandisha mfumo huwa ni ruhusa: kompyuta inaweza kutaka uikubali doki upya kabla ya kuiruhusu kugusa kumbukumbu yake, na dirisha la kuuliza linajificha nyuma ya madirisha mengine.

Halafu kuna za DisplayLink. Hizi picha inabanwa na programu ndani ya laptopu, inasafiri kama data ya kawaida ya USB, kisha chipu iliyomo kwenye doki inaifungua. Bila programu ile, chipu inakaa pale kama mgeni asiyejua lugha. Umeme unapita, kibodi inapita, monita giza. Doki yangu ya zamani ilikuwa ya aina hii, na neno DisplayLink lilikuwa limeandikwa kwenye kibandiko chini ya tumbo lake. Sikuwahi kuigeuza.

Wala usidhani umerogwa. Mwaka 2018 lilipotoka toleo la 10.13.4 la macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, watumiaji wa DisplayLink waliamka na monita tupu, na ushauri uliotolewa ukawa kwamba ambaye hajapandisha abaki kwenye 10.13.3. Yaani hata ambaye hakukosea chochote yanamkuta.

Sasa ushauri wenyewe. Geuza doki, soma kibandiko. Andika jina na namba ya modeli. Kisha angalia nini kinafanya kazi na nini hakifanyi, uandike kwenye karatasi, usitegemee kichwa chenye hasira. Kama vyote vimekufa, hata chaji, hapo shuku umeme au kebo. Kama ni picha peke yake, shuku draiva. Kama ni intaneti ya waya peke yake, shuku draiva pia, maana kadi ya mtandao ya kwenye doki ina draiva yake. Utaona narudia neno draiva. Nitalirudia tena.

Kabla ya yote, chomoa doki kwenye laptopu, chomoa na umeme wake ukutani, hesabu nusu dakika, rudisha umeme kwanza ndiyo uchomeke laptopu. Kuzima laptopu peke yake hakuzimi doki, na doki nayo inaweza kuganda.

Mwenye Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Vioo vitapepesa, na draiva ya kadi ya picha itaanzishwa upya. Ikishindikana, nenda kwenye tovuti ya mtengenezaji wa doki, na ya laptopu vilevile, uchukue draiva ya toleo lako jipya. Ondoa ya zamani kabla ya kuweka mpya. Kama monita zinawaka na kuzimika zenyewe, fungua Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta, uizuie Windows isivizime vifaa vya kugawa USB ili kuokoa umeme. Na kama una kazi ya haraka na hakuna kilichosaidia, kumbuka Windows 11 kwa kawaida inakupa siku 10 za kurudi kwenye toleo ulilotoka. Zikipita, mlango umefungwa.

Mwenye macOS, tatizo mara nyingi ni ruhusa. Programu ya DisplayLink huomba ruhusa ya kurekodi skrini, kwa sababu inanakili kilichopo ili ikitume kwenye monita. Watu huiona alama kwamba skrini inarekodiwa, wakaogopa kwamba wanachunguzwa, wakaifuta ruhusa. Monita nazo zinazima. Tena kuanzia toleo la macOS liitwalo Ventura, laptopu zenye chipu za Apple huuliza kama kifaa kipya kiruhusiwe kuunganishwa, na ukibofya hapana kwa haraka, unaanza kulaumu kebo.

Wa Linux mnajijua. Kernel, kiini cha mfumo, ikibadilika, moduli ya evdi inayotumiwa na DisplayLink inabidi ijengwe upya, na kama Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, imewashwa, moduli isiyosainiwa haipakiwi. Siwahubirii zaidi.

Lingine ni programu ya ndani ya doki yenyewe, ile mafundi wanaiita femwea. Baadhi ya doki zina sasisho lake, na watu hatulikumbuki kwa sababu doki haina kioo cha kutupigia kelele. Ukilifanya, usichomoe kebo katikati. Tafadhali.

Na tusidanganyane, haya yote niliyoandika yanapatikana bure, na muuzaji wangu alinipa lililo kubwa kuliko yote katika sentensi moja. Kilichonikosesha si maarifa. Ni kwamba nilikuwa fundi wa watu, na fundi wa watu haulizi. Ndugu yangu, wewe unayeitwa kila kompyuta ya ofisi inapogoma, nakuomba ushuke kwenye kiti hicho mara moja moja. Muulize kijana. Jibu barua pepe ya muuzaji kabla hujaikasirikia. Na usipandishe mfumo jioni ya kuamkia siku ya kazi. Pandisha siku ambayo hakuna anayekusubiri, na kabla ya kubofya fungua ukurasa wa mtengenezaji wa doki uone kama draiva ya toleo hilo imeshatoka. Kama haijatoka, ngoja. Taarifa ile itarudi tu, haina kwao kwingine.

Tangu wakati ule nimefufua doki nne za watu. Zote nne walishaandika kuwa zimekufa. Nazihesabu, ndiyo, na sioni haya kusema.

Yule kijana bado anatumia yangu. Sikumwomba airudishe, ningeanzaje? Kila asubuhi anachomeka kebo, vioo viwili vinafumbua macho, naye anaanza kazi huku mimi bado nashusha ubora wa kioo cha pili.

Msomaji wangu naye aligeuza doki, akakuta kibandiko, akapakua draiva. Saa sita kasoro usiku akanitumia picha ya meza yake, monita mbili zinang'aa, chini yake ameandika: "Zimewaka. Ila oda wamegoma kuifuta, mzigo umeshatoka."

Nimemwambia akiamua kugawa moja, agawe ile mpya.