Karatasi Ichaguliwe kwa Vidole: Ushauri kwa Anayetengeneza Kadi Mombasa

Ukiingia dukani kutafuta karatasi za kadi, ziguse kabla hujazipenda. Jicho hushawishika upesi kwa rangi na maua, lakini vidole ndivyo vitakavyokwambia kama karatasi hiyo itasimama au italegea ikikaa wiki moja katika hewa yetu ya pwani. Ipinde kidogo, isugue kwa dole gumba, isikilize inavyolia ukiitikisa. Ile inayolia kwa sauti kavu ina nguvu, na ile isiyolia kabisa huwa ni laini mno kubeba chochote.

Natengeneza kadi za harusi, za Idi, za Krismasi na za pole, na wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza jambo moja kuliko yote: kwa nini kadi iliyokusanya karatasi nne nzuri hutoka haina sura? Kwa sababu zote nne zinataka kutazamwa. Karatasi yenye mkwaruzo, yaani uso usio laini unaousikia kwa vidole, inataka mkono wako, na karatasi yenye nakshi inataka jicho lako. Ukiziweka mbili kila moja na shauku yake, mpokeaji hajui aanzie wapi. Katika kila kadi chagua moja iseme, na nyingine zote ziitumikie.

Hapa Mombasa mwalimu wa jambo hili yumo kabatini. Tandika leso, yaani kanga, kitandani uitazame. Kuna pindo lililozunguka pande zote nne, kuna mji, yaani uwanja wa katikati, na kuna jina, yaani yale maneno, yamewekewa kijisanduku chake juu ya pindo la chini. Hata leso iliyojaa michoro ya korosho na maua kila mahali, jina limeachiwa uwanja wake ulio wazi ili lisomeke. Leso nyingi zenye chapa ya K.H.E. – Mali ya Abdulla, zinazouzwa Barabara ya Biashara, zina mpango huohuo, na umedumu kwa vizazi kwa sababu ni mpango mzuri.

Uhamishie kwenye kadi. Chukua karatasi ya mkwaruzo isiyo na mchoro, iwe ndiyo mji. Kata utepe mwembamba wa karatasi ya nakshi, sentimita moja na nusu au mbili, uwe pindo, upande mmoja au chini tu. Si lazima uzungushe kote. Halafu kipande kidogo cha karatasi laini ya rangi tulivu kiwe mahali pa jina: Hongera, Idi Mubarak, Pole sana. Ukitaka nakshi iwe ndiyo mji, basi pindo liwe tupu. Ukijifunza mpango huu mmoja vizuri una kadi za mwaka mzima.

Ukubwa wa mchoro nao una sheria yake. Kadi ya kawaida ni nusu ya A4 iliyokunjwa katikati, yaani uso wa milimita 105 kwa 148. Karatasi ya kufungia zawadi yenye waridi kubwa kama kiganja huonekana ya kuvutia ikiwa imening'inizwa dukani, lakini kwenye uso huo utapata nusu waridi na jani lililokatwa. Mimi hukata fremu ya kadibodi yenye dirisha la ukubwa wa kadi, nikaitembeza juu ya karatasi mpaka nione kipande kilichokamilika. Fanya hivyo hapohapo dukani kama mwenye duka ni mwelewa. Mara nyingi utagundua karatasi iliyodharauliwa, yenye vidoto au mistari myembamba, ndiyo inayofaa kuliko ile ya maua makubwa.

Kuhusu uzito, angalia namba ya gramu kwa mita mraba. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80, na hiyo haibebi kadi. Tafuta manila, ile karatasi nene na ngumu, ya gramu 200 hadi 300 kwa ajili ya mwili wa kadi. Nyingine zote, za mkwaruzo na za nakshi, zinaweza kuwa nyepesi kwa sababu zitakaa juu yake.

Karatasi za mkwaruzo si lazima zitoke ng'ambo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Kenya mwezi wa Agosti 2017, mifuko ya khaki imejaa majumbani, na khaki ni karatasi ngumu yenye nyuzi ndefu. Ikunjekunje, ilowe maji kidogo, ikunjue, ikauke chini ya uzito, utapata uso wenye mishipa kama ngozi ya zamani. Kule Kwale, katika hifadhi ya tembo ya Mwaluganje, wenyeji wametengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo. Anayesikia mara ya kwanza hushtuka, lakini kuna akili ndani yake: tembo hula majani na matawi mengi na tumbo lake haliyasagi yote, kwa hiyo nyuzi hutoka zikiwa nzima. Zikioshwa na kuchemshwa vizuri, karatasi haina harufu yoyote, na kila ukurasa una vijiti vyake. Kisumu nako hutumia mafunjo na magugu maji ya ziwani. Nazipenda karatasi hizi kwa sababu mpokeaji akiishika kadi anashika kitu kilichoota mahali fulani.

Unaweza pia kuupiga mkwaruzo mwenyewe. Chukua ukili, ule uliosukwa kabla ya kushonwa kuwa mkeka. Lowanisha karatasi nene kwa sifongo, iwe na unyevu lakini isichuruzike. Ilaze juu ya ukili, funika kwa kitambaa, kandamiza kwa mgongo wa kijiko taratibu mpaka mistari ianze kujitokeza, kisha weka ubao na vitu vizito mpaka ikauke kabisa. Utapata alama ya msuko bila tone la wino. Kwa karatasi nyembamba tumia njia nyingine: ilaze juu ya kijisanduku cha mbao chenye nakshi, halafu pitisha krayoni ubavuni, si kwa ncha. Waridi na minyororo iliyochongwa itajitokeza yenyewe. Ukitaka kufanya hivyo kwenye milango ya Mji wa Kale, bisha hodi kwanza uombe ruhusa, na usiguse mbao zilizochakaa. Mlango ni wa watu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu wengi hawalijui, nalo ndilo linaloharibu kadi nyingi Mombasa: mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwenye mashine inayokimbia, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo huo. Nyuzi zikinywa unyevu hunenepa sana lakini hazirefuki sana. Ndiyo maana karatasi hutanuka upande mmoja kuliko mwingine, na ndiyo maana kadi iliyonyooka asubuhi hukutwa jioni imejikunja kama ganda. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, utaliona hili kila siku.

Kuupata mwelekeo ni rahisi. Pinda karatasi bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Pale inapokubali kwa ulaini, mstari wa mpindo ndio unaofuata nyuzi. Kama bado una shaka, chana kipande: kufuata nyuzi itachanika karibu sawasawa, kuzikata itachanika ovyo. Mkunjo wa kadi ufuate nyuzi sikuzote, la sivyo utapasuka na kuonyesha weupe wa ndani, hasa kwenye manila ya rangi. Na unapobandika karatasi juu ya nyingine, nyuzi za zote mbili ziende upande mmoja, ili zikitanuka zitanuke pamoja. Karatasi zilizotengenezwa kwa mkono hazina shida hii kubwa, kwa kuwa nyuzi zake zimelala kila upande.

Gundi nayo huleta maji. Gundi nyeupe ya maji, ile ya mafundi seremala, ina nguvu, lakini ukiimimina ovyo karatasi ya nakshi itafanya mawimbi. Ipake nyembamba kwa kipande cha kadi ya zamani au brashi kavu, ukianzia katikati kwenda kingoni. Kwa karatasi nyembamba sana bora gundi ya kijiti au utepe wenye gundi pande mbili. Gundi ya unga wa ngano ni nzuri kwa karatasi, na nakubali kuwa mkwaruzo wa nyuzi huipenda kuliko zote, ila hapa kwetu mende huipenda pia. Nimeiacha kwa kadi zinazotakiwa kuhifadhiwa.

Na hili likumbuke: karatasi iliyobandikwa upande mmoja inapokauka huivuta manila upande wake. Ukibandika kitu kikubwa usoni, bandika karatasi nyepesi upande wa ndani pia, mvutano usawazike. Kisha iweke kadi kati ya karatasi zinazofyonza maji, juu yake ubao na vitabu, usiku mzima. Usiianike juani. Jua la Mombasa hukausha upande mmoja kabla ya mwingine, na hapo ndipo kujikunja kunapoanza.

Karatasi zako zihifadhi zikiwa zimelala, ndani ya sanduku lenye kifuniko au bati kubwa la biskuti, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wanaokaa nyumba za zamani za matumbawe na chokaa wasiziegemeze ukutani hata kidogo, maana kuta zile hunyonya unyevu na kuutoa.

Mkunjo usifanywe kwa mkono mtupu. Weka rula ya chuma, pitisha kalamu iliyokwisha wino mara mbili, utapata mfereji upande mmoja na tuta dogo upande wa pili. Kunja ili tuta libaki ndani ya kadi, halafu lainisha kwa mgongo wa kijiko, ukiwa umeweka karatasi nyingine katikati ili nakshi isipate mng'aro. Kukata, tumia kisu chenye wembe mpya. Wembe butu huzivuta nyuzi badala ya kuzikata. Lakini karatasi za nyuzi ndefu, kama ile ya Mwaluganje, mimi sizikati kabisa. Napitisha brashi yenye maji kwenye mstari wa rula, nasubiri maji yaingie, kisha navuta pande mbili polepole. Ukingo hutoka na ndevu laini ambazo hakuna mkasi unaoweza kuzitengeneza.

Usiandike salamu moja kwa moja kwenye karatasi ya mkwaruzo. Kalamu itaruka mabondeni, na wino utasambaa, hasa kwenye karatasi za mkono ambazo hazikutiwa wanga. Kata karatasi laini ya gramu 80 au 100, iwe ndogo kuliko kadi kwa milimita tano kila upande, ikunje, uibandike ndani kwa mstari mwembamba wa gundi kandokando ya mkunjo tu. Hiyo ndiyo ya kuandikia. Anayeharibu mwandiko hubadilisha karatasi ya ndani na kadi inabaki.

Kwa harusi nashauri uanze na rangi za kisutu, ile leso ya harusi: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Bibi harusi na shangazi zake wataitambua kabla hawajasoma neno. Kwa Idi, nakshi za pembe na nyota zilizorudiwa zinatosha, na zinapendeza nyumba ambazo hazitundiki picha za viumbe. Kadi ya pole isiwe na mng'aro wala riboni. Khaki au karatasi ya nyuzi, kipande kimoja cheupe, na maneno machache. Aliyefiwa huishika kadi kwa muda mrefu, na karatasi yenye mkwaruzo humpa mkono wake kitu cha kushika. Katika kadi za aina zote, hii ndiyo ninayoitengeneza kwa uangalifu zaidi.

Ukipata oda kubwa, nunua karatasi yote siku moja na kutoka furushi moja. Karatasi za mkono hubadilika rangi kutoka mkupuo hadi mkupuo, na hata za kiwandani hutofautiana kidogo, jambo ambalo kadi mia moja zikiwekwa mezani pamoja litaonekana. Ongeza ziada ya kadi kumi katika kila mia. Na bahasha ipimwe mapema: bahasha ya C6 ni milimita 114 kwa 162, inaipokea kadi tupu ya A6, yaani ile ya milimita 105 kwa 148, bila shida, lakini kadi yenye tabaka tatu na alama ya ukili iliyokandamizwa hunenepa. Tengeneza kadi moja kamili, iache ikauke usiku kucha, ijaribu kwenye bahasha, itoe, iingize tena. Ikikwaruza ukingoni, punguza upana wa kadi kwa milimita mbili au utengeneze bahasha ya khaki mwenyewe, kabla hujakata karatasi ya pili.