Moyo una matumbo, vigogo hawana

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi hapa Mbeya. Vitabu vyetu vinasema moyo una aurikali mbili na ventrikali mbili. Mkufunzi mmoja alituambia ventrikali maana yake ni "tumbo la moyo", darasa zima likaangua kicheko. Je, alikuwa sahihi au alitutania? Na kwa Kiswahili si tungesema tu chumba cha chini? Nyongeza: bibi yangu akisema "moyo unaniuma" huwa anashika hapa juu ya kitovu, chini ya kifua. Nimwambie anakosea? (Mwanafunzi, Uyole)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mkufunzi wenu hakuwatania hata kidogo. Mliocheka ndio mnaodaiwa soda.

Tumbo kwa Kilatini ni venter. Likifanywa dogo linakuwa ventriculus, yaani kijitumbo. Waingereza wakalikata mkia, sisi tukalipachika irabu zetu, ikawa ventrikali. Wala si jina la juzi: Cicero, yule wakili na msemaji wa Roma, aliandika ventriculus cordis, kijitumbo cha moyo, mnamo mwaka 45 kabla ya Kristo. Aurikali nayo ni kijisikio, kwa ajili ya vile vinyama viwili vilivyojikunja pale juu. Kwa hiyo moyo wako una masikio mawili juu na matumbo mawili chini. Mdomo tu ndio uliokosekana, na nadhani ni heri.

Kwa nini tumbo? Kwa sababu linajaa na kumwaga. Ventrikali ya kushoto ya mtu mzima aliyetulia hupokea damu, hujikamua, na kusukuma kama mililita 70 kwa kila pigo. Ukuta wake ni mnene karibu mara 3 ya ule wa kulia, maana wa kulia kazi yake ni kupeleka damu mapafuni hapo jirani, wa kushoto anaipeleka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu. Waliopasua vichwa wakakuta uwazi ndani ya ubongo, wakaupa jina hilohilo: ubongo una ventrikali 4, zimejaa maji. Maji hayo yakizibiwa njia kwa mtoto mchanga kichwa hukua kupita kiasi, na huko wodini utawakuta watoto hao pamoja na wale wa mgongo wazi.

Hata jikoni ventrikali ipo. Firigisi ya kuku, ile ambayo katika nyumba nyingi za huku kwetu hailiwi na mtu ila baba au mgeni, kwa wataalamu wa ndege inaitwa ventriculus. Kama ulilelewa na baba mwenye wivu wa firigisi, basi umenyimwa ventrikali tangu utotoni. Wagiriki nao walipoutazama mguu kwa nyuma, chini ya goti, waliona tumbo, na msuli wa hapo mpaka leo unaitwa gastroknemia, tumbo la mguu. Mswahili alipotazama palepale aliona shavu. Kila mtu na macho yake.

Na kabla hamjawacheka hao Walatini kwa kuona matumbo kila mahali, litazameni neno letu "ndani". Lina -ni ileile ya nyumbani na shambani. Kinachobaki ni nda, neno la kale la Kibantu lenye maana ya tumbo. Wakikuyu wa Kenya bado tumbo wanaliita nda. Ukisema "nimeingia ndani" umesema umeingia tumboni, na hakuna darasa lililowahi kucheka.

Nimezunguka kote huko kwa makusudi, maana nina kesi, na nimekuwa nikimngoja mtu alitaje tumbo mwenyewe ili nisionekane mchokozi. Nataka kuzungumzia "matumbo joto", msemo wa magazeti wa kusema watu wameingiwa na hofu.

Kila mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokabidhi ripoti yake kwa Rais, sina haja ya kununua gazeti. Nikipita tu kwa muuza magazeti pale Kabwe nimeshajua kilichoandikwa: VIGOGO MATUMBO JOTO. Panga pangua ya wakuu wa wilaya ikinukia: MA-DC MATUMBO JOTO. Matokeo ya kidato cha nne yakikaribia: WAZAZI MATUMBO JOTO. Timu ikikaribia kushuka daraja, mashabiki matumbo joto. Mvua ikichelewa wiki mbili, wakulima matumbo joto. Na kuna mtangazaji mmoja, Mungu amsamehe, aliyetangaza asubuhi kweupe kwamba bei ya viazi mviringo "iko tumbo joto". Bei! Viazi vyenyewe ningevumilia, angalau ni vya mviringo na vina dalili ya kitambi. Lakini bei ina tumbo wapi?

Sasa, wako wanaoupinga msemo huu kwa sababu ya sarufi. Wanasema ingepaswa kuwa "matumbo ya joto", ule unganishi umedondoka. Hao siwaungi mkono. Kiswahili kina kichwa maji, kina mkono birika, kina domo kaya, na vyote vimejengwa hivyohivyo, jina limebebana na jina bila kuomba ruhusa. Muundo hauna kosa. Kosa liko tumboni.

Niambie, hilo joto ni la nini? Mtu mzima mwenye afya ndani ya mwili wake ana nyuzi joto 37, awe kigogo au awe mwosha magari. Tumbo joto ndiyo hali ya kawaida ya kila aliye hai. Tumbo baridi tunalikuta mochwari. Kwa hiyo gazeti linalotangaza kwa herufi nyekundu kwamba wakurugenzi wana matumbo joto limetuarifu tu kwamba wakurugenzi bado wanapumua. Habari njema, lakini si ya ukurasa wa kwanza.

Na hofu, wewe muuguzi unajua, haipashi tumbo joto. Mtu akitishika, mwili huipunguza damu tumboni na kuipeleka kwenye misuli ya miguu na mikono, apate kukimbia au kupigana. Kinywa kinakauka, chakula kinasimama, viganja vinaingia ubaridi. Waliotutangulia hawakusoma hayo darasani lakini walikuwa na macho: walisema "kijasho chembamba kikamtoka". Ukisoma maneno hayo unakiona kile kijasho kinavyoteremka shingoni, na unajua si cha mtu aliyetoka kulima. Walisema roho juu, kwa sababu kweli mtu akishtuka pumzi inakwama huku juu kooni. Sasa weka "tumbo joto" kando ya hayo, uniambie unaona nini. Mimi naona chupa ya chai.

Tena msemo huu ungefia njiani kama ungepandishwa huku kwetu kabla ya kupelekwa magazetini. Njoo Julai. Nenda Makete, ukalale karibu na Kitulo, uamke alfajiri ukute barafu imetanda juu ya majani. Huko mwenye tumbo joto ndiye aliyebahatika: amekunywa uji, amekunywa chai ya Rungwe yenye tangawizi, ametulia. Mtoto mchanga akilia usiku kwa tumbo, bibi anafanya nini? Anapasha kitambaa karibu na jiko, anakipima kwanza kwenye shavu lake mwenyewe, ndipo anakiweka juu ya kitovu cha mjukuu. Mtoto ananyamaza. Joto ni dawa ya tumbo! Mwambie bibi huyo kwamba mkuu wa wilaya ana tumbo joto, atajibu, "Tunamshukuru Mungu."

Ukilitia katika wingi ndiyo balaa kabisa. "Matumbo" kwa Mswahili si lazima yawe matumbo ya watu wengi. Matumbo ni utumbo, ni yale ya ndani ya ng'ombe yanayooshwa kwa maji mengi na chumvi. Anayetaka matumbo joto aende Mwanjelwa saa 12 asubuhi. Atawakuta kinamama wamefunua sufuria, mvuke unapanda, pilipili na ndimu pembeni, chapati imekunjwa kwenye karatasi. Bakuli moja la matumbo joto, mtu anaondoka amechangamka. Gazeti likiniandikia "Vigogo matumbo joto" saa hiyo ya asubuhi, mimi naelewa wamefika kunywa supu.

Nimeacha neno "vigogo" lipite kimyakimya mara kadhaa, lakini hapana, nalo tulishike mkono. Kigogo asili yake ni gogo, kipande cha mti. Jina zuri, nalikubali: mkubwa, mzito, hasogezwi ovyo. Lakini gogo halina tumbo. Mkazi wa Mufindi aliyekulia kando ya misonobari ya Sao Hill atakwambia gogo likishaingiwa na joto ndani jina lake linabadilika, linaitwa mkaa. Wahariri wetu wameliweka gogo, wakalitia tumbo, wakaliwasha moto, kisha wanashangaa msomaji haogopi.

Najua utetezi wao. Watasema nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, inahitaji maneno mafupi. Haya, tuhesabu. "Matumbo joto" ina herufi 11. "Roho juu" ina 7. "Kiwewe" ina 6, na ni neno zuri lililoachwa likiota kutu: VIGOGO KIWEWE. Wapo pia wahaha, waweweseka, wahangaika. Kila moja linaonesha mtu anafanya kitu: anayehaha tunamwona anapiga simu huku na huku, anayeweweseka tunamsikia usiku akitaja namba za stakabadhi. Mwenye tumbo joto anafanya nini? Amekaa tu, joto linaendelea.

Hapo ndipo Walatini wanapowashinda wahariri wetu. Walipoazima tumbo wakalipeleka moyoni, walikuwa wameushika moyo mkononi, wakaukata, wakaona uwazi unaojaa na kumwaga. Walipolipeleka kwenye ubongo waliona uwazi wenye maji. Mgiriki aliona msuli umevimba kati, umesinyaa mwisho. Unaweza kubisha, ukachukua kisu, ukaenda kuhakikisha. Na Mswahili aliyesema shavu la mguu unaweza kumfuata kwa kidole. Lakini hakuna kisu wala kidole kitakachokupeleka kwenye joto la tumbo la mkurugenzi.

Sitegemei kushinda. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu mwaka 1967 na ina mambo mengine ya kushughulikia. Vijana wangu nyumbani wanausema msemo huu mbele yangu, mmoja anausema kwa makusudi akiniona nimeshika kalamu. Vijiweni na kwenye daladala uendelee tu. Mtu anayesubiri matokeo ya mtihani ana haki ya kulalamika kwa maneno yoyote yanayomjia. Ninachoomba ni gazeti lipumzike nao walau Aprili ya mwaka mmoja. Na bei ya viazi isiguswe.

Turudi kwako, mwanangu, nisije nikaitwa mtovu wa adabu kwa kukusahau. Kwenye mtihani andika ventrikali, ndilo jina lililo kwenye vitabu vyako na msahihishaji analitazamia. Kwa mgonjwa sema chumba cha chini cha moyo, ataelewa bila kukunja uso. "Tumbo la moyo" libaki la kufundishia. Ni tafsiri sahihi, lakini ukimwambia mzee kutoka Chunya kwamba tumbo la moyo wake limepanuka, ataomba dawa ya minyoo.

Kuhusu bibi yako, usimwambie anakosea. Mahali anaposhika pana jina la zamani la Kiswahili: chembe cha moyo, na chembe hapo ni ile ncha ya mshale, si punje ya mchanga, ndiyo maana tunasema "cha" wala si "ya" kama wengi wanavyosema siku hizi. Wala si Waswahili peke yao walioupeleka moyo mpaka hapo. Mlango wa juu wa tumbo la chakula kwa wataalamu unaitwa kadia, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya moyo. Isitoshe, maumivu ya hapo yanaweza kuwa kiungulia, yanaweza kuwa vidonda vya tumbo, na kwa mtu wa umri wake yanaweza kabisa kuwa ni moyo wenyewe, kwa maana shambulio la moyo huweza kujitokeza kwa maumivu ya palepale anaposhika. Mwulize yanakuja akiwa na njaa, akiwa ameshiba, au akipanda mlima, kisha mpeleke akapimwe mapema. Kiswahili chake hakina ugonjwa.