Maswali ya Wasomaji: Tunaisubiri Gemu Mpya ya Kriketi

Barua nne kati ya tulizopokea mwezi huu kutoka Arusha na Moshi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: gemu mpya ya kriketi itakuwaje, na je, inastahili hamu yote hii tuliyo nayo? Nimezijibu hapa, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa kifupi, kwa kuwa nami ni miongoni mwa wanaosubiri.

Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu watatu hukutana kila Jumamosi kucheza gemu. Gemu ya mpira wa miguu hutoka kila mwaka bila kukosa, lakini ya kriketi tunaweza kukaa miaka miwili au zaidi tukiambulia tetesi tu. Kwa nini iko hivyo, na hiyo mpya ikifika tuangalie nini kwanza? – Msomaji, Ngarenaro, Arusha

Ndugu yangu, kusubiri huku kuna historia ndefu, na ukiijua utaelewa kwa nini tetesi moja tu huwafanya watu wazima wakeshe. EA Sports ilitoa gemu za kriketi kwa muda wa miaka kumi hivi, kuanzia ile ya 1996 hadi Cricket 07 iliyoingia madukani Novemba 2006, kisha ikaacha kabisa. Codemasters nayo ilikuwa na mfululizo wake uliobeba jina la Brian Lara, ambao toleo lake la mwisho lilitoka mwaka 2007, mwaka ule ule Kombe la Dunia lilipochezwa West Indies alikotoka yeye. Baada ya hapo wapenzi walibaki na makombo. Wengi waliamua kuitunza Cricket 07 kwa mikono yao wenyewe, wakibadilisha jezi, viwanja na majina, mwaka baada ya mwaka. Nimewahi kuiona katika kompyuta ya mezani ya zamani, kwenye duka la kutoa fotokopi hapa mjini: kikosi kilichokuwa kwenye skrini kilikuwa cha miaka kumi baada ya gemu yenyewe kutoka, kwa sababu kuna mtu mahali fulani aliyekaa akaandika upya kila jina na kila namba. Kijana aliyekuwa akicheza alibonyeza kibodi kwa vidole viwili tu, na kila alipopiga mpira alinyanyua bega la kushoto kana kwamba ameshika gongo.

Mambo yalibadilika mwaka 2014, pale studio ya Big Ant ya Melbourne, Australia, ilipotoa Don Bradman Cricket 14. Tangu hapo studio hiyo ndiyo iliyobeba mzigo kwenye mashine kubwa za gemu: Cricket 19 ilitoka Mei 2019, Cricket 22 ikatoka Desemba 2021, na Cricket 24 ikafuata Oktoba 2023. Kwa hiyo hesabu yako ya miaka miwili haiko mbali na ukweli.

Sababu ya kwanza ni haki. Hakuna chombo kimoja unachoweza kukiendea ukapata kriketi yote kwa mkataba mmoja. Chama cha Uingereza kinauza haki zake, cha Australia zake, cha India zake, na IPL, ile ligi kubwa ya India, ina utaratibu wake tena. Ndiyo maana katika gemu moja unakuta timu yenye nyuso na jezi halisi ikicheza na timu yenye watu wasiofanana na yeyote. Sababu ya pili ni soko. Kriketi inapendwa kupita kiasi India, Pakistan na Bangladesh, lakini huko wengi wanacheza kwa simu, na wanaoweza kununua mashine ya gemu pamoja na diski yake ni wachache ukilinganisha na wingi wa mashabiki.

Sababu ya tatu ndiyo inayojibu pia swali lako la pili, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote: kriketi ni ngumu mno kuigwa kwenye skrini. Katika mpira wa miguu, mpira ukipigwa unafuata njia yake. Katika kriketi, mrushaji anauachia, unapinda hewani, unagonga ardhi mbele ya mpigaji, na ni pale unapogonga ndipo kila kitu kinaamuliwa: kama ardhi ina unyevu au imepasuka, kama ushono wa mpira umetua wima au ubavu, kama mpira ni mpya unaong'aa au umeshachakaa kwa ova arobaini (ova moja ni mipira sita). Mpira huo huo, kwenye uwanja huo huo, asubuhi na jioni una tabia mbili. Gemu inayokosea hapo imekosea kriketi, hata kama majani ya uwanja yamechorwa jani kwa jani.

Basi siku mkiipata, msianze na nyuso za wachezaji. Chagueni mrushaji anayezungusha mpira, mrushe ova tano mahali pale pale, na mtazame kama mpira unageuka kwa namna moja kila mara au unabadilika kidogo kidogo kama inavyotakiwa. Kisha watazameni wadakaji. Huko ndiko nimevunjika moyo mara nyingi kuliko kwingine: mpira wa juu, mwepesi, unamwendea mtu mkononi, naye anachelewa kunyoosha mkono; au mdakaji wa mpakani anausindikiza mpira hadi unavuka kamba, mikimbio minne (ndizo pointi za kriketi) inaandikwa, wakati alikuwa na nafasi ya kuuzuia. Gemu ikinipa mpira unaoishi na wadakaji wanaofikiri, nitaisamehe hata ikiwa viwanja vyake ni vitano tu.

Mhariri, habari za kazi. Nina banda la gemu hapa Pasua, Moshi, lenye PS mbili. Vijana kadhaa wananisumbua nilipie gemu mpya ya kriketi mapema, kabla haijatoka, wakisema italeta wateja. Nilipie? – Mwenye banda, Pasua

Usilipie mapema. Nakwambia hivi nikiwa naipenda kriketi kuliko hao vijana wanaokusumbua.

Mwaka 2013 kulikuwa na gemu iliyosubiriwa sana, Ashes Cricket 2013, iliyotolewa na 505 Games. Ilitarajiwa katikati ya mwaka, ikaahirishwa, na hatimaye ikatolewa kwa kompyuta mwezi Novemba, wakati Uingereza na Australia zikianza mfululizo wao wa mechi uitwao Ashes. Ilikuwa na kasoro nyingi kiasi kwamba iliondolewa sokoni ndani ya siku chache, toleo la mashine za gemu likafutwa, na walionunua wakarudishiwa fedha. Tangu siku hiyo mimi huwa nasubiri wiki tatu au nne. Na hata gemu nzuri huweza kuchelewa kwa sababu zisizotarajiwa: Cricket 22 ilisogezwa mbele kwa wiki moja, hadi tarehe 2 Desemba 2021, baada ya nahodha wa Australia aliyekuwa kwenye jalada kujiuzulu unahodha. Pia kumbuka kuwa apdeti za siku za mwanzo huwa nzito, na bando la kuzipakua ni gharama utakayoibeba wewe, si hao vijana.

Ukishaamua kuinunua, fikiria kwanza namna ya kutoza, kwa maana hapo ndipo wenye mabanda wengi watapata hasara. Umezoea kutoza kwa mechi. Mechi ya T20, yaani ya ova ishirini, ina mipira 120 kila upande, jumla 240. Ukikadiria nusu dakika kwa kila mpira, pamoja na kupanga wadakaji na mrushaji kurudi mwanzo wa mbio zake, hizo ni saa mbili kamili PS yako ikiwa imekaliwa na watu wawili. Wateja wa mpira wa miguu watasimama mlangoni, watachoka, wataondoka. Waruhusu ova tano kwa kila upande: mipira 60, nusu saa hivi, na unatoza kwa muda. Ova tano zinatosha kabisa kuleta kelele bandani, kwa kuwa hakuna anayekaa kuzuia mipira. Kila mmoja anataka kuupeleka nje ya uwanja.

Na usitarajie foleni wiki ya kwanza. Wengi mtaani kwako hawajui sheria za kriketi, na mtu hawezi kufurahia mchezo asioujua. Wape vijana wako wawili wanaoijua wacheze jioni moja bila malipo, wakieleza kwa sauti wanachofanya. Utaona wenyewe wanavyosogea.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Moshi, na ninapenda sana kriketi. Je, gemu mpya itakuwa na timu ya Tanzania? Na wasichana je? Sina PS, nina simu ya mama tu siku za likizo. – Msichana wa Rau

Marahaba, binti yangu. Swali lako la wasichana lina jibu zuri: Ashes Cricket ya mwaka 2017 ilikuwa na timu za wanawake za Australia na Uingereza zenye wachezaji wake halisi, na tangu hapo si rahisi tena kutoa gemu kubwa ya kriketi bila wanawake. Hilo ni jambo ambalo miaka ya Cricket 07 hakuna aliyekuwa akilizungumza.

Kuhusu Tanzania, usiiweke hamu yako kwenye jezi rasmi. Haki zinanunuliwa pale penye watazamaji wengi, na sisi bado hatujafika hapo. Lakini kuna mlango mwingine, nami naupenda kuliko mlango wa mbele. Don Bradman Cricket 14 ilikuja na sehemu ya kutengeneza wachezaji na timu: unachagua umbo, rangi, jezi, mkono wa kupigia, namna ya kurusha, halafu unaigawa timu yako kwa wengine kupitia intaneti, nao wanaicheza. Matoleo yaliyofuata yaliendelea na jambo hilo. Maana yake ni kwamba mtu mmoja mwenye subira, akikaa siku mbili tatu, anaweza kuiingiza Tanzania nzima, wanaume na wanawake, na mtu aliyeko Melbourne akajikuta anaangushiwa wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma yake, na msichana wa Kilimanjaro.

Na sababu ya kufanya hivyo ipo. Tangu tarehe 1 Julai 2018 mechi za T20 za wanawake baina ya nchi wanachama wa Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) zinahesabiwa kuwa za kimataifa, na za wanaume tangu 1 Januari 2019, kwa hiyo mikimbio ya Watanzania inaingia katika kumbukumbu sawa na ya Wahindi na Waingereza. Vijana wetu wa kiume chini ya miaka 19 walifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la mwaka 2026 la Zimbabwe na Namibia. Uganda ilikuwa tayari imecheza Kombe la Dunia la T20 la mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea kule Guyana. Ukanda huu una hadithi ya kuwekwa kwenye gemu.

Kwa simu ya mama, tafuta World Cricket Championship au Real Cricket, zote zimetengenezwa India. Zipakue ukiwa kwenye waifai, na umwombe mama ruhusa kwanza.

Mwanangu Mhariri, mjukuu wangu haongei kitu kingine ila hiyo gemu inayosubiriwa. Mimi nilitazama kriketi ujanani, na mwaka 1975 tulifuatilia Afrika Mashariki ilipokwenda Uingereza. Je, kwa kubonyeza vidude atajua kriketi kweli? – Mzee, Kijenge, Arusha

Shikamoo mzee wangu. Atajua nusu yake, na ni nusu ya maana. Atajua kwa nini mpigaji anatolewa mguu wake ukiwa mbele ya wiketi, atajua kumweka mdakaji karibu mrushaji wa mzunguko anapoanza, atajua kuhesabu mikimbio inayohitajika kwa ova zilizobaki. Padi ya gemu haitamfundisha woga. Mpira halisi una uzito wa gramu 156 hadi 163, ni wa ngozi ngumu, na mtu anayeungojea mbele ya vijiti vitatu anausikia tumboni kabla hajauona. Kwa hilo mnunulie mpira wa tenisi, uzungushie utepe wa umeme upande mmoja ili upinde hewani, na utafute kipande cha ardhi iliyo tambarare.

Lakini usiidharau gemu yenyewe, kwa kuwa wewe unacho kitu ambacho watengenezaji wake hawana. Timu ile ya 1975, iliyochanganya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilipoteza mechi zake zote tatu katika Kombe la Dunia la kwanza, dhidi ya New Zealand, India na Uingereza. Tarehe 7 Juni, pale Edgbaston, Glenn Turner wa New Zealand aliipiga mikimbio 171 bila kutolewa. Gemu hii mpya ikija na ile sehemu ya kutengeneza timu niliyomweleza binti wa Rau, kaeni pamoja jioni moja, wewe na mjukuu wako. Wewe mtajie wachezaji wale kadiri unavyowakumbuka, nani alirusha kwa mkono wa kushoto, nani alipiga wa kwanza. Yeye awaandike mmoja mmoja, kisha amrushie Turner mpira wa kwanza.