Nyumba ya mpito: nenda, ila uliza haya kwanza

Dada uliyeuliza kama uhamie nyumba ya mpito, yaani makazi ya muda kwa familia zilizokosa pa kuishi, na wanao watatu au uendelee kujibana kwa ndugu, mimi nimeishi kwenye nyumba ya namna hiyo miezi 14 na wanangu wawili. Ningekuwa wewe ningeenda. Ila usitie saini kabla hujauliza.

Uliza kwanza kama mtakaa wote pamoja. Una kijana wa kiume, na nyumba nyingi za kina mama hazipokei wavulana wakishavuka umri fulani. Mahali pa kwanza tulipofika, mwanangu wa miaka 13 aliambiwa akalale jengo la wanaume peke yake. Nilikataa, tukaondoka usiku uleule na mizigo yetu. Sijajuta hata siku moja.

Halafu muda. Marekani, kwa mfano, mipango ya aina hii inayolipiwa na serikali kuu ina ukomo wa miezi 24. Ukitajiwa miaka miwili utaona ni mingi, kumbe inayeyuka. Miezi yangu mitatu ya mwanzo iliishia kwenye kufuatilia karatasi. Cheti cha kuzaliwa cha mwanangu mdogo kilipotea siku tuliyotolewa vyombo nje, na bila hicho shule mpya haikutaka hata kutusikiliza. Nilipoanza kutafuta nyumba ya kupanga ulikuwa mwezi wa tisa, nimeshachelewa. Wewe anza wiki ya kwanza.

Swali kubwa kuliko yote ni hili: nikitoka hapa, mtanishika mkono vipi kwenye kodi ya nyumba? Sisi tulifundishwa kupanga bajeti. Nashukuru, lakini sikukosa nyumba kwa kutojua hesabu. Kodi ilipanda na mshahara ukabaki palepale. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza kuandikisha familia mwaka 2010, ukafuatilia familia zaidi ya 2,000 zilizokuwa kwenye makazi ya dharura. Zilizopewa ruzuku ya kodi ya muda mrefu ndizo zilizotulia zaidi, na hata watoto wao walihamahama shule kidogo kuliko wengine. Nyumba za mpito, pamoja na huduma zake zote, hazikufikia hapo. Kwangu kilichonitoa ni mhudumu aliyekwenda nami kwa mwenye nyumba, na shirika likanidhamini kodi ya miezi mitatu. Bila hiyo dhamana nisingepata mtu wa kunipangisha.

Na watoto. Mwanangu mdogo, wa miaka sita, alilala na viatu mguuni na begi la shule kifuani. Nikimvua usingizini, asubuhi namkuta kavivaa tena. Mlezi mmoja alimpa ufunguo wake mwenyewe wa chumba chetu, kaufunga kwenye kamba ya shingoni. Jioni ile alifunga na kufungua mlango hadi nikachoka kuhesabu, nami nilimwacha. Wiki ya tatu akavua viatu mwenyewe, akavipanga chini ya kitanda. Kwa hiyo uliza pia kama mlango unafungwa kwa ndani, na ufunguo unakaa na nani.

Siku ya kuonana nao nenda na vyeti vya wanao wote. Nakala mwachie ndugu yako.