Maswali yenu: mtoto mwenye ulemavu akimaliza skuli ndo iweje?

"Binti yangu kiziwi, yuko fomu foo, akimaliza nimpeleke wapi?" (mama, Wete)

Bi mkubwa, hili ungeuliza yupo fomu wani, lakini haya. Hapo Daya Mtambwe kuna kituo cha Mafunzo ya Amali (ufundi), nenda nae akaone kazi kwa macho yake na achague YEYE, halafu kabla ya kujaza fomu uliza nani atamtafsiria lugha ya alama, maana akikaa mwaka mzima anatazama midomo ya mwalimu atatoka mikono mitupu na watu waseme viziwi hawafundishiki. Na wewe alama unazijua, au mnaonyeshana kula na kulala tu?

"Wangu ana ulemavu wa akili, miaka 16, kusoma hajui, ataweza maisha kweli?" (baba, Fuoni)

Kila wiki mnaniuliza kusoma! Gari anapanda peke yake? Juzi sokoni Darajani nimemuona kijana kashika elfu mbili ananunua mbatata, ndo kwanza anahesabu chenji mojamoja kiganjani, mamake kamnyang'anya kamalizia yeye, eti tunachelewa. Yule alikuwa anaweza, kakoseshwa dakika mbili. Wako nae mtume dukani kila siku, kitu kimoja, duka lilelile, mwenye duka umuombe asubiri, akizoea viwe viwili, kisha gari ya Darajani na wewe kaa siti ya nyuma usiseme neno. Kuku, bustani, makuti, akipendacho aanze sasa akiwa bado skuli. Na watafuteni wazazi wenzenu wa ZAPDD, jumuiya ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu wa akili.

"Ile mikopo ya asilimia 10 tunaombaje?"

Jamani mara ngapi? Hiyo ya halmashauri za bara, wanayowakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huku waulizeni ZEEA, wakala wa Zanzibar wa kuwezesha wananchi kiuchumi.

"Mdogo wangu haoni, kapata chuo, kompyuta ya wasioona bei gani?"

Kompyuta ni hizihizi. Programu ya NVDA inamsomea skrini na ni bure, kwenye simu za Android ipo TalkBack. Aanze kuizoea leo, na chuo kiambieni mapema, sio wiki ya mtihani.

"Binti yangu hatembei, babake anasema amalize skuli atulie ndani asije akachekwa." (mama, Mkoani)

Ndani ndo salama? Wangapi wamedhalilishwa humohumo ndani, na mtu wanaemjua! Mfundishe mwili wake ni wake, na akikwambia kitu muamini, nendeni polisi, msikae kikao cha kuelewana na jirani mkafukia. Akitimiza 18 akachukue kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, na pesa yoyote atakayoipata iwekwe kwa jina lake, sio la kaka.