Kijiti cha mswaki na madoa ya kahawia

Swali: Munganga (daktari), mtoto wangu wa miaka 9 ana madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Muuzaji wa vijiti vya mswaki pale Birere, hapa Goma, aliniambia mti huu huota penye chumvi, na chumvi yake ndiyo hung'oa madoa. Ni kweli? (Mama wa Rusayo)

Jibu: Mama, muuzaji amesema kweli juu ya mti. Mswaki hustahimili udongo wenye chumvi ambamo miti mingi hufa; huota pwani na kwenye ukame wa Turkana, na majani yake yenye chumvichumvi ngamia huyala. Hapa kwetu kwenye lava na mvua hauoti, vijiti vinaletwa.

Ila kazi ya kijiti haifanywi na chumvi peke yake. Mzizi ukitafunwa hutoa nyuzi zinazofagia uchafu, na silika iliyomo, chembe ngumu kama za mchanga, husaidia kusugua. Ule ukali unaokupanda puani, kama wa haradali, hutoka kwenye kemikali iitwayo benzili isothiosayaneti, inayoua baadhi ya bakteria wa kinywani. Waislamu wameutumia tangu enzi za Mtume, na mimi mwenyewe sina neno baya juu yake.

Kilichonishitua ni pale unapoishi. Huko Rusayo wengi hukinga maji ya mvua, na moshi wa volkano ya Nyiragongo hubeba floridi, kemikali ambayo mvua huiteremsha hadi kwenye pipa. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto akinywa maji yanayozidi hapo wakati meno ya ukubwani bado yanajitengeneza ndani ya ufizi, huota yakiwa tayari na madoa. Doa kama hilo limo ndani ya jino. Ukilisugua kwa nguvu utachubua ufizi, doa litabaki.

Kwa hiyo sasa nawaza zaidi wadogo zake. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, inakolea. Watafutie wadogo maji ya chanzo kilichopimwa, hasa ya kunywa na ya uji.

Kijiti aendelee nacho: amenye ncha, atafune hadi ilainike, asugue polepole kutoka ufizi kwenda ncha ya jino, na kila siku akate sehemu iliyotumika. Lakini kama jino lina shimo, au linamuuma akinywa cha baridi, hapo hatuzungumzii floridi tena. Mlete wiki hii.