Nembo ya Mwanzo Isikudanganye

Wiki hii kijana mmoja wa kitengo chetu kaniletea fomu ya katuni za Popeye. Kwenye "mwenye haki" kaandika Paramount. Kwa nini? "Si nembo yao ya mlima hiyo hapo mwanzo, mzee?" Jamani! Mwaka jana alikuwa mwingine, na jibu lilikuwa hilo hilo. Basi naandika mara moja, na anayeanza kazi ya haki za kurusha katuni kwenye televisheni asiguse fomu kabla hajasoma.

1. Mtengenezaji, msambazaji na mwenye haki wanaweza kuwa watu watatu tofauti. Popeye wa kwanza wa sinema alichorwa na Fleischer Studios na kusambazwa na Paramount, ambao mwaka 1956 waliziuza katuni hizo kwa Associated Artists Productions, wasambazaji wa filamu kwa televisheni, wale a.a.p. wa herufi ndogo. Kampuni ya filamu ya United Artists ikainunua a.a.p., kisha yenyewe ikaingia mikononi mwa kampuni nyingine ya filamu, MGM. Mwaka 1986 Ted Turner, tajiri wa televisheni wa Marekani, akainunua MGM, akashindwa na madeni, akaiuza tena lakini maktaba ya filamu hakuiachia. Mwaka 1996 Turner akaungana na Time Warner. Kwa hiyo barua ya kuomba leseni inakwenda Warner, na alama ya biashara ya mhusika ni ya King Features, kampuni ya vibonzo vya magazetini. Paramount hawana chao hapo.

2. Kariri tarehe 1 Agosti 1948. Katuni za rangi za Warner zilizotoka kabla ya hapo nazo ziliuzwa kwa a.a.p., zikapita njia ile ile mpaka kwa Turner. Za baadaye Warner walibaki nazo. Leo zote zimerudi nyumba moja, ndiyo maana vijana hawaoni sababu ya kuijua.

Mimi niliijua kwa viboko. Katikati ya miaka ya tisini, kituo kichanga, tuna leseni ya Bugs Bunny kutoka Warner, na sikukuu imefika. Kanda moja ikagoma. Nikachomoa rafuni nyingine aliyoacha wakala kama sampuli: A Wild Hare, ya mwaka 1940. Kwanza ikapita nembo ya a.a.p., halafu zile duara za Warner. Nikamwambia mhariri, "Kata hiyo ya mbele, inachafua, anzia kwenye duara." Akakata. Tukarusha, na kwa kuwa watoto walifurahi, tukarudia.

Faksi ya malalamiko ilipofika, bosi aliniita na mkataba. Niliubeba kwa kujiamini kabisa. Akasoma taratibu kifungu cha ile tarehe ya 1948, akauliza, "Hii ya kwako ni ya mwaka gani?" Nikasema 1940. Akanyamaza. Kisha: "Na ile nembo ya mwanzo, nani aliikata?" Ushahidi pekee kwamba filamu ina mwenyewe mwingine, nimeukata mimi, tena kwa ajili ya urembo! Tulilipa. Barua ya kuomba radhi nikaiandika mwenyewe, na bosi akairudisha mara kadhaa, eti bado ina kiburi. Alikuwa sahihi.

3. "Mali ya umma", yaani kazi isiyo na hakimiliki tena, msiliseme kama dua. Zile katuni 17 za Superman za mwaka 1941 hadi 1943 hazikuhuishwa hakimiliki Marekani, lakini Superman mwenyewe na alama yake ya biashara vina wenyewe. Tena sheria ya Marekani haimalizi maswali ya hapa.

4. Tarehe ya leseni kuisha iandikwe kwenye faili. Kichwa chako si faili.

5. Tom na Jerry. Watu wa mauzo watakuomba "zile za Hanna na Barbera", wakidhani ni zote. Hanna na Barbera, waliowabuni paka na panya hao, walitengeneza 114, kuanzia 1940 hadi 1958. Zikafuata 13 za Gene Deitch, zilizotengenezwa Prague, kisha 34 za Chuck Jones. Kisheria huna shida, mwenye haki ni yule yule, lakini muulize mdhamini! Wetu mmoja, muuza sabuni, aliahidiwa za Hanna na Barbera, akarushiwa ya Prague yenye ile milio kama ya ndani ya pipa. Simu ikaja katikati ya kipindi: "Huyu paka wenu anaumwa?" Nikamweleza Prague, MGM kufunga studio yake ya katuni mwaka 1957, kila kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama kudhamini za Prague kuna punguzo.